Kimbunga Kiletacho Mvua Bila Kufika

Je, wajua kwamba kimbunga cha baharini hakifiki Bujumbura, lakini kinaweza kuisaidia mvua ya ukanda wetu kikiwa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa?

Hakifiki kwa sababu mbili. Bujumbura iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia, ile inayoupinda upepo, ni hafifu mno kuzungusha dhoruba. Tena kimbunga huishi kwa joto la bahari. Kikipanda nchi kavu hudhoofika upesi, na kutoka pwani ya Tanzania hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000.

Basi mvua huja kwa njia gani? Kusini mwa ikweta, vimbunga huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kwa hiyo upande wao wa kaskazini upepo huvuma kutoka magharibi. Kimbunga kikikaa mashariki mwa Madagaska, athari ya upepo huo hufika mbali bara. Upepo wa kawaida wa kutoka Bahari ya Hindi hulegea, na hewa nzito kwa unyevu wa misitu ya Kongo husukumwa kuja mashariki. Ikikutana na milima hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mvua.

Hayo yalionekana Machi 2018. Kabla yake, Februari 2017, Kenya ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwaka uliofuata, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa Madagaska, na mvua ya Machi ikanyesha Afrika Mashariki kupita kiasi cha kawaida. Uchunguzi ulioongozwa na Declan Finney wa Chuo Kikuu cha Leeds ulihusisha mvua hiyo na upepo wa magharibi, uliochochewa na vimbunga hivyo pamoja na wimbi la mawingu linaloizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60.

Lakini mahali kimbunga kilipo ndipo penye uamuzi. Machi 2019 kimbunga Idai kilikaa katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji, kikaipiga Beira na kuua watu zaidi ya 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kaskazini mwake, unyevu ulivutwa kwenda kusini, na mvua za masika zikachelewa Kenya.

Nchini Burundi jambo hili lina uzito. Vimbunga vingi hutokea kati ya Novemba na Aprili, na Februari na Machi ndiyo miezi ya kupanda maharage ya Msimu B, msimu wa pili wa kilimo. Kirundo, kaskazini mwa nchi, ambako ukame umeumiza watu mara nyingi, kuchelewa kwa mvua kunaweza kuharibu mbegu. Kwa hiyo habari ya kimbunga cha Madagaska imhusu pia mkulima wa bara: aambiwe mapema kiko upande gani wa kisiwa, apate kuamua siku ya kupanda.