Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, mpiga nanga huketi na chombo chake cha mti, akaimba habari za mashujaa na watawala wa kale. Wamsikiao ni wale waliokuja kukaa karibu naye. Aliye upande wa pili wa kilima hapati kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa waimbaji wote wa dunia, hata ilipovumbuliwa njia ya kuitia sauti ya mtu katika sahani ya santuri. Katika Afrika ya Mashariki, mwanamke wa kwanza kuimba katika sahani hizo alikuwa mwuza vyungu.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa kwanza ni Mtumwa, nalo laonyesha jinsi watu wake walivyohesabiwa, kwa maana utumwa haukukomeshwa Unguja mpaka 1897. Baba yake alikuwa mkulima, mama yake mfinyanzi. Shule hakuiona. Alijifunza kufinyanga kwa mamaye, akawa akizunguka kuuza vyungu na kuvitangaza kwa kuimba. Yasemekana watu walijua kuwa yuaja kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, mwanamuziki wa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, aliisikia sauti yake akamfundisha kuimba pamoja na vyombo. Taarabu ya siku zile ilikuwa ya majumba ya wakubwa, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti alizihifadhi nyimbo hizo kwa kusikia tu. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuimba kwa Kiswahili, lugha ya wachukuzi, wapishi na wavuvi. Wapo waliomtungia maneno ya dhihaka, kwamba hana uzuri wa sura. Naye hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenziwe walivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, ili sauti zao zitiwe katika sahani. Kazi hiyo si sawa na kuimba barazani. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande wake mmoja ulitosha dakika 3 tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo wimbo uliozoea kuendelea kwa muda mrefu ulipasa kupunguzwa bila kuharibiwa. Sauti ilitikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba katika nta. Kwa nta hiyo ilifanywa kalibu, na kwa kalibu sahani nyingi. Mwimbaji akikosea, nta ile haifai tena, sharti aanze upya. Kisha, nyumbani kwa mnunuzi, sindano nyingine ilipita katika mfereji ule ule, na sauti ikarudi! Kufika mwaka 1931 sahani zake zapata 72,000 zilikuwa zimeuzwa, wala Unguja peke yake isingeweza kuzinunua zote.

Watu walizipenda kwa sauti, lakini pia kwa habari zilizomo. Wimbo mmoja mashuhuri ni wa Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mgeni akatoroka ng'ambo. Mwuaji hakuadhibiwa, walioadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa habari. Jambo la namna hiyo watu walilinong'ona vichochoroni, ila Siti aliliimba mbele ya wote. Ni wachache katika siku zile waliothubutu kuisema hukumu ya baraza kwa sauti kuu, na mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyefanya hivyo.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliandika kitabu cha maisha yake. Nyimbo zake nazo hazikunyamaza: Bibi Kidude, aliyezipokea tangu ujana wake, aliendelea kuziimba Unguja na katika nchi za ng'ambo hata uzeeni, mpaka alipofariki mwaka 2013.