Wizara Zinapofunga Virago

Katika bili ya kuhamisha ofisi za serikali, malori huwa kipengele cha bei nafuu. Hela zenyewe huliwa na majengo mapya, na ya zamani yasiyoachwa, na tiketi za wanaokwenda na kurudi, na watumishi wanaokataa kuhama. Kwa hiyo rekodi zifuatazo hazikupangwa kwa ukubwa wa bili peke yake.

Ingawa kwa bili nako wapo mabingwa. Machi 2015, Misri ilitangaza mji mpya wa serikali jangwani, kilomita 45 hivi mashariki ya Cairo, kwa makadirio ya dola bilioni 45. Dola bilioni moja kwa kilomita, kwa wapenda hesabu za mzaha. Indonesia, ambayo Jakarta yake inadidimia, iliikadiria gharama ya Nusantara, mji mkuu wake mpya kisiwani Borneo, kuwa rupia trilioni 466, zaidi ya dola bilioni 30. Serikali ilikusudia kutoa karibu sehemu moja ya tano tu. Zilizobaki zitoke kwa wawekezaji.

Rekodi ya kuhama bila kuhama wanayo Wamarekani. Mwaka 2019, wizara ya mambo ya ndani, ambayo huko ndiyo yenye dhamana ya ardhi na maliasili, iliamua kuyatoa makao makuu ya idara inayosimamia ardhi ya umma Washington na kuyapeleka Grand Junction, Colorado. Hoja ilikuwa na mashiko: karibu ardhi yote ya idara hiyo iko magharibi. Nafasi 328 zikapangiwa kuondoka Washington. Watumishi 287 wakastaafu au wakatafuta kazi kwingine. Waliokubali kuhama walikuwa 41, wengi wao wakiishia vituo vingine vya magharibi. Waliofika Grand Junction kwenyewe? Watatu. Mwaka 2021 serikali mpya ikatangaza kuyarudisha makao makuu Washington. Jengo hukodishwa upya hata kesho, lakini mtu aliyelijua faili moja kwa miaka 20 akishaondoka, hazina gani itamnunua?

Kwa kuchelewa, nishani ni yetu Watanzania. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaende Dodoma, na mpango ulikuwa wa miaka 10. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Kisha bei ya mafuta ikapaa, vita vya Kagera vikaja, hazina ikakauka, na wizara zikaendelea kupunga upepo wa bahari Dar es Salaam. Bunge ndilo lililotangulia, na hapo ukazaliwa utaratibu wa ajabu: kila msimu wa bajeti, mawaziri, makatibu wakuu na wakurugenzi walipakia makabrasha kwenye mashangingi, kilomita 450 kwenda, wakalala wiki kadhaa kwa posho, kisha kilomita 450 kurudi. Gharama ile haikuwa na kifungu chake. Ilijigawa kwenye mafuta, matairi na posho za safari, mwaka baada ya mwaka, na kwa maoni yangu ndiyo bili kubwa ambayo hatujawahi kuijumlisha.

Julai 2016, Rais Magufuli akasema sasa basi. Waziri Mkuu Majaliwa alihamia Septemba mwaka huo, Makamu wa Rais Samia Desemba 2017, Rais mwenyewe Oktoba 2019. CDA haikuiona siku hiyo. Ilivunjwa Mei 2017, serikali ikiwa bado njiani. Huko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wizara zilianza na majengo mafupi ya haraka, kisha ghorofa zikaanza kupanda. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, miaka 50 tangu uamuzi wa TANU. Kila mtumishi aliyehamishwa alikuwa na stahiki zake: nauli yake na ya familia, kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu, posho ya usumbufu. Lakini mwenza mwenye kazi Dar hahamishwi na posho, na watoto walioko shuleni vilevile. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imewapunguzia adha wenye nyumba mbili.

Kwa saa ya ajabu kuliko zote, Myanmar. Tarehe 6 Novemba 2005, saa 12:37 asubuhi, msafara wa watumishi ulitoka Yangon kwenda Naypyidaw, kilomita 320 kaskazini. Inasimuliwa kwamba dakika ile ilichaguliwa na mnajimu. Mabalozi waliachwa Yangon wakiambiwa kwamba wakiwa na la dharura, watume faksi.

Ujerumani inashikilia kura ya kubanana: Juni 1991, wabunge 338 walitaka Berlin, 320 wakataka Bonn. Bajeti ilifungwa kwenye maki bilioni 20, na Bonn ikafutwa machozi kwa maki bilioni 2.81. Zaidi ya hayo, wizara sita ziliachiwa makao yake ya kwanza hukohuko Bonn, na maofisa wanapishana angani hadi leo.

Kichekesho kidogo kinatoka Australia. Mamlaka ya viuatilifu na dawa za mifugo, yenye watumishi 190 hivi, iliamriwa mwaka 2016 itoke Canberra iende Armidale, mji ulio katika jimbo la uchaguzi la waziri wake, Barnaby Joyce. Bajeti: dola milioni 25.6 za kule. Ofisi ikiwa bado haijapatikana, seneti iliambiwa kwamba baadhi ya watumishi walikuwa wakifanyia kazi ndani ya McDonald's, kwa sababu ya intaneti.

Na anayehama mara nyingi kuliko wote ni Bunge la Ulaya. Vikao 12 kwa mwaka hufanyika Strasbourg, ilhali ofisi na kamati ziko Brussels, zaidi ya kilomita 400. Masanduku ya nyaraka hupakiwa, huenda, hurudi. Mwaka 2014 wakaguzi wa Umoja wa Ulaya walikadiria kwamba kubaki Brussels kungeokoa euro milioni 114 kila mwaka. Wabunge wengi wangependa hivyo, ila mpango huo umeandikwa kwenye mkataba, na mkataba haubadilishwi Ufaransa isipotia saini.