Usaha wa kwenye kiungo hausubiri

Goti la mtoto likivimba, neno la kwanza nyumbani ni kwamba ameteguka. Lazima kuna mahali alianguka, maana ni mtoto gani haanguki? Anaitwa anayejua kukanda, maji ya moto yanaletwa, na siku mbili zinapita. Mara nyingi hakuna kinachoharibika. Lakini kiungo kimoja kikivimba na kuwa cha moto, mtoto akawa na homa na hataki kikunjwe hata kidogo, kukanda kuachwe na safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo: huenda bakteria wameingia ndani ya kiungo na kuleta usaha.

Bakteria hawahitaji jeraha la gotini ili wafike humo. Wengi husafiri na damu kutoka kwenye jipu au kidonda cha ngozi. Utando wa ndani ya kiungo umejaa mishipa midogo ya damu na kinga yake ni hafifu, hivyo bakteria hupenya kirahisi. Anayeongoza kwa jumla ni Staphylococcus aureus, huyo huyo wa majipu. Kwa wenye sikoseli, Salmonella naye hutiliwa shaka, na madaktari wa Blantyre, Malawi, walimkuta sana kwa watoto wadogo.

Kinacholiwa ni gegedu, ile tishu nyeupe yenye kuteleza inayofunika ncha za mifupa. Haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo. Chembe nyeupe za damu zikimiminika humo kupigana na bakteria, humwaga vimeng'enya, navyo havichagui: gegedu nayo hutafunwa. Ndiyo maana dawa inaweza kuua bakteria wote na mgonjwa bado akabaki na goti lililokakamaa. Nyonga ni mbaya zaidi. Usaha ukijaa humo, mgandamizo hubana mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa hicho kinaweza kufa.

Eksirei ya siku za mwanzo huweza kuonyesha mifupa isiyo na kasoro, ikawatuliza watu bure. Jibu liko kwenye sindano. Daktari husafisha ngozi, hutoboa pembeni mwa pia ya goti na kuvuta. Goti zima huwa na mililita chache tu za ute, wenye umanjano wa mbali na unaovutika kama ute wa yai. Ulioambukizwa hutoka mwingi, wenye ukungu, mwepesi. Chembe nyeupe, ambazo kwa kawaida hazifiki 200 katika milimita moja ya ujazo, huweza kuvuka 50,000. Idadi ndogo kuliko hiyo haimsafishi mtu. Sehemu ya ute huo huoteshwa maabara ili bakteria ajulikane kwa jina.

Hapa ndipo rangi mbili, yaani vidonge vya antibayotiki vya duka la dawa, zinapoharibu kazi. Aliyekwisha kumeza vidonge viwili vitatu anaweza kuwa na usaha ambao hauoti kitu, na daktari akabaki kubahatisha dawa. Sindano ya kuvuta itangulie, antibayotiki ifuate, isipokuwa mgonjwa amezidiwa kiasi cha kutoweza kungoja.

Dawa peke yake haitoshi. Usaha hutolewa kwa sindano, pengine mara kadhaa, au kiungo huoshwa chumba cha upasuaji. Nyonga ya mtoto kwa kawaida hufunguliwa. Antibayotiki, kama kloksasilini au seftriaksoni, huanzia mshipani. Zamani mtoto alilazwa wiki nyingi akiwa na dripu. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa, kwa watoto wanaopona vizuri, siku 10 zinaweza kutosha, za mshipani zikiwa chache za mwanzo tu. Watu wazima huhitaji zaidi, mara nyingi wiki mbili hadi sita.

Homa ikishuka, mtaalamu wa fiziotherapia huanza kulikunja goti mapema, hata kama mtoto analia. Lililoachwa bila kukunjwa hukakamaa.