Mwangwi wa uongo ndani ya tangi

Kipimo cha tangi kikisema uongo, anayeungua ni mfanyakazi.

Kipimo cha rada hukaa juu ya tangi. Hurusha mawimbi chini, nayo yakigonga mafuta au molasi hurudi kama mwangwi. Kwa muda wa kwenda na kurudi, kipimo hujua kimo. Lakini ngazi, mabomba na mapanga ya kukorogea navyo hurudisha mwangwi. Ndiyo maana fundi hukifundisha kipimo tangi likiwa tupu, ili kijue mwangwi wa uongo na kuupuuza. Kikifundishwa mafuta yakiwamo, kinaweza kuupuuza mwangwi wa mafuta yenyewe. Na bomba jipya likiwekwa ndani, kifundishwe upya.

Huko Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, kipimo cha tangi la petroli, cha aina nyingine, kilikwama. Kilionyesha kimo kilekile huku petroli ikiingia. Swichi ya kuzuia kufurika nayo haikufanya kazi. Petroli ilifurika, mvuke wake ukalipuka, watu 43 wakaumia.

Basi tudai kipimo kikaguliwe, swichi ya kujitegemea ijaribiwe, na mwenye mashaka aruhusiwe kusimamisha pampu.