Kompyuta ya Dola 299 na Fedha Zinazotoka Mfukoni

Mtoto anapoingia chuo, familia yenye jamaa Marekani huona njia moja nyepesi: tununulieni kompyuta mpakato huko, maana bei ni nafuu. Jamaa hujibu kwa picha ya tangazo lenye tarakimu kubwa, dola 299. Fedha hukusanywa na kutumwa, kisha huja ujumbe kwamba hazikutosha. Kabla ya watu kudhaniana vibaya, yafaa kufahamu tangazo lile lina maana gani.

Tuchukue mfano. Kompyuta imewekewa bei ya dola 449. Mnunuzi mwenye kuponi ya duka ya dola 50 hupunguziwa papo hapo, zikabaki 399. Dola 100 nyingine ni marejesho ya posta: mtu hulipa kwanza, kisha humwandikia mtengenezaji kudai arudishiwe. Ongeza kodi ya mauzo, ambayo katika majimbo mengi hutozwa bila kuyahesabu marejesho hayo. Ikiwa ni asilimia 6, siku ya kununua zitatoka dola 422.94.

Kuyadai marejesho kuna masharti yake. Hujazwa fomu, huambatishwa risiti, na hukatwa kwenye sanduku kile kipande chenye mistari myeusi na nambari ya bidhaa. Kipande chenyewe, si nakala. Vyote hutumwa kabla ya tarehe iliyotajwa, kisha husubiriwa wiki 6, 8 au hata 12 mpaka hundi ifike. Bahasha ikichelewa, dai hukataliwa. Wauzaji wanajua fika kwamba wengi hawatafika mwisho wa njia hiyo. Kwa maoni yangu, mpango mzima umejengwa juu ya usahaulifu wa watu. Hata waliofuata masharti hawakusalimika daima: mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua kampuni ya CompUSA kwa marejesho yaliyocheleweshwa na mengine yasiyolipwa. Mwaka huo huo Best Buy ilitangaza kuwa itauacha mtindo huo. Umepungua tangu hapo, ila haujatoweka, na siku hizi mara nyingi dai hupelekwa kwa intaneti.

Kile kipande cha sanduku ndicho cha kuchungwa zaidi. Kikisha kukatwa, maduka mengi hayakubali tena kurudishiwa kompyuta. Basi jamaa aiwashe kwanza, ajaribu kioo, kibodi na betri, atazame kama chaja imeandikwa volti 100 hadi 240 ili iufae umeme wetu, ndipo ashike mkasi. Karatasi zote azipige picha kabla ya kuzituma. Waranti nayo aiulizie, kwani nyingine haivuki bahari.

Lililobaki ni zito zaidi: hizo dola 100 zikifika miezi mitatu baadaye, ni za nani? Hundi huandikwa jina la mnunuzi na kupelekwa anwani yake. Mzazi aliyeko Kisauni hana njia ya kujua imefika. Aliyetumwa kununua ni wakili, na punguzo lililopatikana kwa fedha za aliyemtuma ni la aliyemtuma, isipokuwa amemwachia kwa ridhaa. Wengi humwachia, wala si vibaya, maana naye amepoteza saa zake na nauli. Lakini aachiwe kwa kauli, si kwa kimya. Kabla fedha hazijatumwa, andikianeni: kitalipwa kiasi gani dukani, kinatazamiwa kurudi kiasi gani, nani atakidai, na kitakwenda kwa nani.

Na ikiwa familia ina dola 299 tu mkononi, jamaa atafute kompyuta ya dola 270 isiyo na marejesho yoyote. Kwa kodi ile ile ya asilimia 6, zitabaki dola 12 na senti 80, na anunue kwazo adapta ya plagi.