Mjerumani Aliyeichora Oceanic

Wengi Mombasa walilijua jina la Oceanic, hoteli ile ya ghorofa iliyojengwa miaka ya 1950 ikaelekezwa baharini. Wachache walilijua jina la aliyeichora. Alikuwa Mjerumani, Ernst May, na hadi anafika pwani yetu na karatasi zake alikuwa amekwisha kujenga kwao na kwa Warusi, na kote kuwili njia ya kurudi ilikuwa imezibwa.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Sifa yake ilianza mwaka 1925, alipokabidhiwa ujenzi wa mji huo huo wa kwao. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakiishi kwa kubanana, chumba kimoja baba, mama na wana, jua hawalioni. May aliwajengea katika muda wa miaka mitano nyumba zaidi ya 10,000, za paa bapa, kuta nyeupe, madirisha mapana na kipande cha bustani. Katika jopo lake alikuwamo bibi Margarete Schütte-Lihotzky, aliyebuni mwaka 1926 jiko dogo ambalo upana wake haukutimia mita 2, kila chombo kikiwa mahali ambapo mkono wakifikia. Wazungu hulisifu jiko hilo hata leo. Mama wa Kiswahili angeliuliza tu: na mbuzi ya kukunia nazi itakaa wapi?

Mwaka 1930 Warusi walimwita, akaenda na wenziwe wengi kuchora miji mipya ya viwanda, Magnitogorsk ukiwa mmojawapo. Mambo hayakwenda alivyotaka, na mwaka 1933 aliondoka. Aliwahi. Gevorg Kochar, Mwarmenia, msanifu wa mtindo huo huo mpya, aliyejenga na mwenziwe Mikayel Mazmanyan nyumba ya mapumziko ya waandishi kando ya ziwa Sevan, alikamatwa mwaka 1937 akapelekwa Norilsk, kwenye baridi kali, na miaka mingi ikapita kabla hajarudi Yerevan. May hakuweza kurudi Ujerumani pia, kwani Hitler alikuwa amekwisha kushika hatamu, na mtu mwenye damu ya Kiyahudi atokaye Moscow asingeachwa salama.

Ndipo mwaka 1934 akaja Tanganyika, akawa mkulima wa kahawa karibu na Arusha, chini ya mlima Meru. Huo ni Meru wa Tanganyika. Meru ya Kenya, jirani ya Embu, tutaifikia. Ukulima haukumshika sana. Kabla ya vita kuu ya pili alikuwa Nairobi, amefungua ofisi ya kuchora majumba. Vita vilipoanza Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa Wajerumani wenyewe walikuwa wamemkataa!

Alipotolewa alishika kazi kwa nguvu. Alichora majumba ya kupangisha ya Delamere mjini Nairobi, na shule ya wasichana ya Aga Khan mjini Kisumu. Serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanua Kampala, upande wa Kololo na Naguru. Hapa ndipo mimi nianzapo kumwangalia kwa jicho jingine. Mtu yule yule aliyemtoa maskini wa Frankfurt gizani alikubali, katika ripoti yake ya mwaka 1947, mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi, na akamwona Mwafrika kama mtu wa kuongozwa hatua kwa hatua hadi ayazoee maisha ya mjini. Haki yake tumpe: alitaka mfanyakazi wa Kiafrika akae mjini na mkewe na watoto, siyo kulazwa bwenini kama kapera, na wakati ule wakubwa wengi hawakuyataka hayo. Mwaka 1945 alibuni hata nyumba ya vipande vya saruji vya kupachikwa, kuta zikipanda na kupinda hadi zikutane juu, ati ifanane na kibanda cha Mwafrika. Haikuenea. Mwenye kulala humo hakuulizwa kama ataka saruji ifanane na nyasi.

Moshi mambo yalikuwa mengine. Huko aliyemwajiri alikuwa KNCU, chama cha ushirika cha Wachagga wakulima wa kahawa, kilichoundwa mwaka 1933. Wao walikuwa na fedha zao, na walijua walitakalo. May aliwachorea jengo kubwa katikati ya mji. Katika kazi zake zote za Afrika, mimi naipenda hiyo zaidi, kwani humo mwenyeji ndiye aliyekuwa bwana wa nyumba.

Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichora pia mtaa wa nyumba za Waafrika upande wa Port Tudor. Joto na jua alivijua vyema. Alikinga kuta kwa vivuli na kuziachia pepo njia. Walakini elimu hiyo ilikuwako hapa kabla yake. Fundi wa Mji wa Kale alijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na ua wa nyuma wa wanawake kujistiri. Nyumba ya makuti nayo ina paa refu la kupitisha hewa, na baraza mbele ya kumkalisha mgeni.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Kenya ikatangaziwa hali ya hatari. Mwishoni mwa mwaka 1953 May alifunga mizigo akarudi Ujerumani, akajenga tena kwao hadi alipofariki mwaka 1970.

Huku nyuma, Aprili 1954, Nairobi ilizingirwa na askari, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa na kuchujwa. Maelfu walipelekwa kambini. Mwezi Juni iliamuliwa kuwa wa mashambani nao wakusanywe vijijini. Hilo May hakuwa na mkono nalo. Lakini lugha yake ilikuwa ya kuzoeleka: watu watapata maji, shule na zahanati, watafundishwa kuishi pamoja. Huko Embu, Meru na kwa Wakikuyu watu zaidi ya milioni moja waliamrishwa kuyaacha maboma yao, wakajenga kwa mikono yao vibanda vilivyopangwa kwa safu, vingi vikizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na saa za kutotoka nje. Mwea, iliyokuwa wilaya ya Embu wakati ule, mahabusu walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Wenye ardhi walirejea kwenye mashamba yao wakajenga walipopenda, mlango wakauelekeza walikotaka. Wasio na ardhi, wengi wao walibaki pale pale kwenye safu.