Papasi wa Kasese: jina pekee si ushahidi

Papasi ni kupe laini asiye na ngao mgongoni. Mchana hujificha katika vumbi na nyufa za sakafu ya udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu upesi, kisha hurudi mafichoni. Aweza kukaa miaka bila kula. Kumwona ni kazi, lakini kumwandika mahali asipokuwepo ni rahisi mno.

Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne, wakiwa Uganda, walieleza kwamba homa ya papasi, yaani homa ya kurudi-rudi, hutokana na bakteria wa msokoto waonekanao katika damu ya mgonjwa. Mwaka uliofuata, mashariki mwa Kongo, Dutton na Todd walithibitisha kwamba papasi ndiye mwenezaji, na Dutton akafa huko huko. Ila jina "Uganda" lenyewe linahitaji uangalifu: hadi 1902 Kisumu na Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda. Kwa hiyo papasi wa makumbusho mwenye lebo ya zamani iliyoandikwa "Uganda" tu hatwambii lolote kuhusu Bwera, wilayani Kasese.

Jina la kisayansi nalo limetupotosha. Ornithodoros moubata, jina la mwaka 1877, lilibebeshwa papasi wa nyumbani na wa mashimo ya ngiri pia, mpaka mtafiti Walton alipowatenganisha mwaka 1962 na kumweka wa ngiri chini ya Ornithodoros porcinus. Hata hapo mambo hayakunyooka, maana baadhi ya porcinus huishi majumbani. Rekodi ya "moubata" ya kabla ya 1962, isiyo na mdudu wa kuchunguzwa upya, mimi siiweki kwenye ramani ya papasi.

Kwa Kasese, wilaya ya magharibi mwa Uganda, jambo hili lina uzito. Hifadhi ya Queen Elizabeth ina ngiri, na jirani yake watu wanafuga nguruwe. Mwaka 1969 Plowright na wenzake waliripoti virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika ndani ya papasi wa Serengeti. Hata hivyo, vifo vya nguruwe Bwera havithibitishi kwamba papasi yupo: virusi hivyo huenda kutoka nguruwe hadi nguruwe, na hata kwa nyama. Homa ya kurudi-rudi kwa binadamu haithibitishi pia, kwani chawa wa mwilini huleta inayofanana nayo, na malaria huchanganywa nayo.

Ninachokubali ni papasi mwenyewe, aliyechekechwa kutoka vumbini na kuhifadhiwa katika spiriti, pamoja na tarehe, jina la kijiji na mahali hasa: shimo la ngiri, banda la nguruwe au ufa wa chumba cha kulala. Mmoja peke yake aweza kuwa amefika ndani ya mkeka wa msafiri aliyepitia Mpondwe, mpakani na Kongo. Wakipatikana wakubwa pamoja na wadogo wa hatua mbalimbali, hapo ndipo wanapozaliana.